Mashine ya kupima gari haikutajii spea iliyokufa

Wengi wanaamini kwamba gari la kisasa halishikiki nyumbani kwa sababu lina kompyuta, na kwamba fundi akichomeka mashine tu, inamtajia kifaa cha kubadilisha. Sivyo.

Mashine husoma kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, na kodi ni dalili. Chukua P0171: maana yake hewa inayoingia kwenye injini ni nyingi mno kwa petroli iliyopo. Aliyetoa taarifa ni sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa gari, basi watu hukimbilia kuing'oa na kufunga mpya. Baada ya muda taa ya injini kwenye dashibodi inawaka tena. Kumbe sensa ilisema kweli: mpira wa kupitisha hewa umepasuka, au sensa ya kupima hewa imeshika uchafu, au pampu ya mafuta imechoka. Mpira uliopasuka hauhitaji kompyuta. Tochi inatosha, na mara nyingine utausikia ukipiga mluzi injini ikiwa inaunguruma taratibu.

Kusoma kodi kwenyewe hata si siri. Tangu 1996, magari madogo mapya ya petroli yanayouzwa Marekani hulazimika kuwa na soketi ya aina moja, yenye pini 16, na kifaa kidogo cha kuunganisha na simu kinaisoma.

Ugumu upo, ila si pale watu wanapoutaja. Breki za nyuma zenye mota ya umeme, kwa mfano: kwenye magari mengi mota hurudishwa kwanza kwa programu ndipo pedi mpya ziingie. Ukiisukuma kwa nguvu pistoni, ile inayobana pedi, unaweza kuiharibu mota.