Presha tunakupima, lakini nyumbani unakaa na nani?

Assalam alaykum ndugu zangu. Sie watu wa elimu ya afya tukikaa na wagonjwa wa presha na sukari tunauliza chumvi, mafuta, sigara, mazoezi, watu washazoea hadi wanajibu kabla hujamaliza kuuliza. Suala la unakaa na nani na mnaishi vipi haliulizwi sana, na mie naona lina uzito sawa na hayo mengine.

Kule Marekani watafiti wa chuo cha Harvard walianza mwaka 1938 kufuatilia vijana 724, wengine wanafunzi wa chuo hicho hicho na wengine watoto wa mitaa ya kimaskini ya Boston, wakenda nao hivo hivo mpaka uzeeni. Kilichoonesha zaidi nani atafika miaka 80 akiwa mzima haikuwa kolesteroli yake (mafuta ya kwenye damu) alipokuwa na miaka 50, ilikuwa vile alivyoridhika na watu wake wa karibu umri huo. Utasema hao wazungu tena wanaume watupu, sawa, lakini mwaka 2010 bibi mmoja mtafiti, Julianne Holt-Lunstad, na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya laki tatu, wanawake kwa wanaume, wakakuta wenye mahusiano mazuri uwezekano wao wa kubaki hai ulikuwa juu kwa asilimia 50 kuliko wasokuwa nayo. Hicho si kitu kidogo hata kidogo.

Inakuwaje? Mtu akiwa mpweke au ana dhiki ya moyo kila siku, mwili unakaa kama uko vitani, homoni za msongo zinabaki juu, mishipa inabana, presha inapanda, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, na kinga ya mwili inaanza kwenda ovyo.

Na kuna njia nyengine nyepesi kabisa ambayo sie huku Pemba tunaiona kliniki. Anakuja bibi na kijimfuko chake cha plastiki, ukivimimina vidonge mezani unakuta vya mwezi uliopita bado vimo nusu, presha iko juu, ukimuuliza taratibu bi mkubwa kulikoni, anakwambia yule jirani aliekuwa akimpigia hodi asubuhi na kumkumbusha kahamia Unguja, na watoto wako Maskat. Pesa wanaleta, dawa ipo, wa kumwambia "bibi ushameza?" ndo hayupo. Na akipata kiharusi usiku, nani atamuona mdomo umekwenda upande ampeleke hospitali haraka?

Lakini jamani, nisifahamike vibaya, kukaa na watu si ndo kupendana nao. Mwaka 2005 watafiti wa Ohio, huko huko Marekani, waliwatia wanandoa vijidonda vidogo mkononi, na wale wenye kuhasimiana wakizungumza, vidonda vyao vilichelewa kupona kuliko vya wenzao. Kwa hiyo mwanamke anaetukanwa na kupigwa kila siku halafu anaambiwa avumilie tu, huo uvumilivu unamla mwili, na mie sioni sababu ya sie watu wa afya kunyamaza.

Wazee wa kiume afadhali, wana baraza, wana bao na kahawa, mmoja asipoonekana jioni wenzake wanauliza. Ninaowahofia zaidi ni waliostaafu kazi wakajifungia ndani, na akina mama waliofiwa na waume watoto wakatawanyika. Nyie mlio mbali, pesa leteni na Mungu awabariki, ila na simu pigeni, tena muongee hasa, si ile ya kuuliza imefika haijafika.

Ukija kuchukua dawa njoo na mtu, awe mtoto, mke, hata jirani, tumuoneshe na yeye vidonge vinavomezwa na dalili za kuziogopa. Na kama huna wa kuja nae tuambie mapema kabla hujapimwa, tukae tutafute nani hapo mtaani anaweza kukupitia asubuhi.