Yule binti wa shambani haimbi, na jua halizami

Kuna mchoro wa Mfaransa Jules Breton wa mwaka 1884, binti kasimama peku shambani, mundu mkononi, nyuma yake jua jekundu. Nimewaonyesha watu wengi hapa Bagamoyo kwenye simu na karibu wote wananambia masikini kachoka huyo, anarudi nyumbani, jua ndo linazama.

Hapana jamani, linachomoza. Nawaelewa lakini, maana sisi huku jua linatoka baharini na kuzamia upande wa mashamba, kwa hiyo jua jekundu juu ya shamba kwetu ni magharibi tu. Kule ni mashambani kaskazini mwa Ufaransa, bahari iko mbali. Na jina la mchoro linakwambia kabisa, Wimbo wa Kipozamataza, ndege anayepaa juu huku anaimba, na kwa Wazungu ndo ndege wa alfajiri. Dada ndo kwanza anaenda kazini.

Wengine wanasema anaimba kwa vile mdomo uko wazi kidogo. Anayeimba ni ndege, yeye anasikiliza! Mwangalie vizuri, uso kauinua, macho yako mbali, mkono wenye mundu umetulia kama kausahau, mimi hapo huwa nakaa muda mrefu sana kwa sababu sauti haichoreki lakini usoni kwake unaiona.

Halafu hilo la peku. Watu wakiona miguu mitupu wanaona dhiki basi, wakati Breton kazaliwa 1827 kijiji cha huko huko, Courrières, na wanawake wa shamba kawachora miaka na miaka. Huyu kamsimamisha imara, kichwa kimepita juu ya mashamba yote, hiyo ni heshima. Ila usije ukasema basi maisha ya shamba yalikuwa matamu hivyo, hii si picha ya kamera, alikuwepo modo na pozi lilipangwa.

Juzi nikamwonyesha bibi mmoja jirani, analima mpunga tangu usichana wake. Nikamwamkia, nikampa simu, sikumwelezea chochote. Akaishika mbali kidogo na macho, kimya, halafu akanambia, "Mwanangu, huyu kasikia kitu. Sisi tukienda shamba bado giza giza, ndege ndo wanatupokea."