Biti ya swapu haijui umetuma nini

Nshachoka kuisikia kauli moja hapa Unguja, kila bodi ya zamani yenye prosesa ya PowerPC inapotiwa kadi ya PCI (njia ya kuchomekea kadi): "Washa swapu kwenye briji, mambo ya endiani yamekwisha." Briji ni chipu inayounganisha prosesa na kadi, swapu ni kugeuza mfuatano wa baiti, na endiani ni mpango wa baiti za namba kwenye memori: kubwa huanza na baiti ya thamani kubwa, ndogo huanza na ya thamani ndogo. Juzi tena kijana mmoja kaniuliza, kadi yake ya mtandao ya Ethernet rejista zote (vijisehemu vya kadi vya kuwekea namba) zasomeka vizuri lakini paketi zatoka ovyo, na keshawasha kila biti ya swapu aloiona kwenye manyuali. Jamani hebu tulimalize hili.

PCI ni endiani ndogo, PowerPC kwa kawaida inaendeshwa endiani kubwa, hayo mnayajua. Rejista ya kadi ikiwa na 0x12345678, prosesa ikiisoma hivi hivi inapata 0x78563412. Mtu akiona hivo anasema wacha hadwea igeuze, na kweli rejista ile inakaa sawa, na hapo ndo anapodanganyika.

Briji haioni namba. Inaona baiti nne zinapita, haijui kama ni namba moja ya biti 32, au mbili za biti 16, au herufi za jina la mtu. Tia neno ZANZIBAR kwenye memori ulipitishe kwenye swapu ya biti 32, kule linatoka ZNAZRABI. Swapu ya biti 16 inakupa AZZNBIRA. Jina halikuwa na haja ya kugeuzwa tokea mwanzo! Na fremu ya Ethernet ndo hivyo hivyo, ni baiti zinazofuatana, iwache ilivyo, namba za ndani ya kichwa cha IP zina ntohs na ntohl zake kwenye programu, fanksheni za kugeuza namba za mtandao.

Watengenezaji wa chipu walilijua hili zamani. Chipu ya Ethernet ya Digital 21140, kwenye rejista yake ya CSR0, biti ya 7 ni ya bafa za data (memori inapokaa paketi) na biti ya 20 ni ya deskripta (maelezo ya kuiambia chipu bafa ziko wapi), kila moja mbali, kwa sababu deskripta ni namba za biti 32 na paketi ni baiti tupu. Watu wanaziwasha zote mbili eti kwa usalama. Usalama gani huo?

Halafu kuna Linux. readl, fanksheni yake ya kusoma rejista, yenyewe inachukulia kifaa ni endiani ndogo, kwenye prosesa ya endiani kubwa inageuza, sasa ukiwasha na briji umegeuza mara mbili, umerudi ulipotoka.

Na manyuali mie siziamini kwenye jambo hili, hata moja. Nyengine zikisema "endiani kubwa" zina maana baiti zibaki kwenye anwani zake, nyengine zina maana thamani ya namba nzima ibaki, na jedwali halikwambii. Mie nachagua anwani zibaki, draiva (programu inayoendesha kadi) igeuze namba, amri za lwbrx na stwbrx za PowerPC, za kusoma na kuandika kwa kugeuza baiti, zipo kwa kazi hiyo khasa. Ila kifaa chenye rejista za biti 32 tupu na draiva usoweza kuigusa, hapo nasitasita, swapu kwenye dirisha lile moja la anwani, yaani anwani za kifaa hicho tu, pengine ndo nafuu.

Kwa hiyo pima. Andika 0x11223344 kutoka kwa prosesa, zisome baiti moja moja kwa upande wa kadi, si kupitia briji ile ile maana inaweza kugeuza tena ikakuficha. Rudia kwa biti 16, kisha pima DMA (kadi kusoma na kuandika memori yenyewe bila ya prosesa) peke yake, kwani briji inaweza kuwa na mpangilio mwengine kabisa wa swapu kwa DMA.