Kumfundisha sungura mchanga kutumia choo: maswali na majibu

Sungura wa wiki 9 si mdogo mno kufundishwa?

Si mdogo. Akishaacha kunyonya, kwenye wiki ya 8 hivi, anaweza kuanza. Kuelewa ataelewa mapema. Kujizuia ndiko kutakakochelewa, kwa hiyo vidimbwi viwili vitatu pembeni visikukatishe tamaa. Unasaidiwa na tabia mbili alizozaliwa nazo: huchagua kona moja ya kukojolea, na hunya huku anakula. Hiyo ya pili wengi hawaijui, nayo ndiyo inayobeba kazi karibu yote.

Choo kiweje?

Beseni la plastiki la pembe nne, kama sentimita 30 kwa 40, lenye ukingo wa mbele usiozidi sentimita 10 ili aingie bila kuruka. Akikua utabadilisha, maana lazima aweze kugeuka na kujinyoosha humo. Karai la mviringo halikai vizuri kwenye kona.

Chini tandika magazeti yaliyochanwachanwa, unene wa sentimita 3. Juu yake, upande mmoja, lundika nyasi kavu, kila siku lundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake. Ataketi ndani, atatafuna, na gololi za kinyesi zitadondoka nyuma yake. Ukiziweka nyasi kona ya mbali na choo, atafuata nyasi na kunya hukohuko.

Mchanga wa paka au maranda je?

Mchanga wa paka unaoganda, hapana kabisa. Sungura mchanga huonja kila kitu, na mchanga huo ukilowa tumboni huvimba na kuziba utumbo. Maranda mabichi ya msonobari au mwerezi hutoa mvuke mkali unaosumbua mapafu na ini. Pumba za mpunga hazinyonyi mkojo vizuri na zina vumbi. Gazeti ni rahisi na linatosha.

Siku za kwanza nifanye nini?

Mnyime uwanja. Kwa siku 7 hadi 10 abaki kwenye eneo la kama mita moja kwa mita moja. Tazama anakojoa kona ipi, weka beseni hapohapo hata kama wewe ulipenda kona nyingine. Karatasi iliyolowa mkojo na gololi chache zihamishie ndani ya choo; sehemu nyingine zote futa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Ukimwona anarudi kinyumenyume na mkia unainuka, msogeze taratibu kuelekea choo. Kumfokea au kumpiga hakumfundishi chochote isipokuwa kukukimbia. Mkojo wote ukiingia chooni siku 3 mfululizo, mwongezee eneo kidogo, si nyumba nzima kwa mpigo. Akianza kukosea, rudi hatua moja.

Alikuwa anajua, sasa ana miezi 4 na anakojoa hata kwenye kochi. Kulikoni?

Balehe. Dume hurusha mkojo kuweka alama, na jike naye hufanya hivyo. Mafunzo hayajapotea, homoni ndizo zimepanda. Dume huhasiwa akiwa na miezi 4 hadi 5, na jike huondolewa kizazi kwenye miezi 5 hadi 6. Kwa jike hiyo ni kinga pia, kwani saratani ya mfuko wa uzazi huwapata sana majike wasioondolewa kizazi. Tafuta daktari wa mifugo aliyezoea sungura. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo hashindishwi njaa kabla ya upasuaji kama mbwa. Daktari akikuambia umnyime chakula usiku kucha, uliza mara mbili.

Ikiwa ni mtu mzima aliyekwisha kuhasiwa na ghafla amevuruga, hasa manyoya ya tumboni yakiwa yamelowa au akijikamua, huo ni ugonjwa, si utundu.

Nisafishe mara ngapi?

Kila siku. Vimelea vya koksidia, vinavyoharisha na kuua sungura wachanga, hutoka na kinyesi vikiwa bado haviambukizi. Huhitaji muda nje ya mwili, kwa kawaida zaidi ya siku moja. Ukitoa uchafu kila siku unavikatiza njia. Pia shusha pua yako hadi usawa wa beseni. Ikiwa macho yanawasha, yeye amekuwa akivuta hewa hiyo tangu asubuhi, na njia zake za hewa ni dhaifu.

Utando mweupe mgumu kama chokaa ni kalsiamu ya mkojo. Siki huuyeyusha kwa dakika 15 hivi. Usimwage Jiki juu ya mkojo wala juu ya siki: vikikutana hutoa gesi ya sumu. Ukimaliza, rudisha kipande kidogo cha karatasi ya zamani ili atambue harufu yake.

Kinyesi kinaniambia nini?

Mengi. Gololi nzima ni kavu, ya duara, na ukiivunja unaona nyuzi za nyasi. Zikiwa ndogo na zimepinda, nyasi hazitoshi. Vishada vyeusi vinavyong'aa kama forosadi si kuhara. Ni kinyesi laini anachokila mwenyewe kutoka mkunduni kupata vitamini. Ukivikuta vimeachwa, punguza chakula cha vidonge na matunda. Kinyesi cha majimaji kwa sungura mchanga ni dharura. Vivyo hivyo kukuta choo hakina gololi na hana hamu ya kula kwa saa 12: usisubiri kesho.

Mkojo wa rangi ya chungwa au wekundu mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Madoa au mabonge ya damu ni jambo jingine, mpeleke.

Kuna hatari kwa watu?

Ndogo. Nawa mikono kwa sabuni. Mwenye kinga dhaifu asisafishe choo, kwa sababu kimelea Encephalitozoon cuniculi hutoka kwenye mkojo. Toksoplazma wanayoonywa wajawazito huenezwa na kinyesi cha paka, si cha sungura. Gololi zenyewe tia moja kwa moja kwenye sukuma wiki, haziunguzi mizizi.