Raba Mpya za Krismasi na Maneno Mengine ya Mbio za Watoto

Kila tarehe 26 Desemba mtaa wetu hapa Mbeya una mbio za watoto za kilomita 2. Ni familia sita, saba zinazojuana, na wageni wao wa sikukuu. Mwenyekiti wa mtaa anapewa taarifa, akina baba wawili wanasimama njia panda kuwazuia bodaboda, na mwishoni kuna soda na ndizi. Kabla filimbi haijapulizwa, wazazi hurudia maneno yaleyale ya mwaka uliopita. Mengi yanasemwa kwa upendo, ila mengi pia hayana ukweli.

"Watoto wa Dar watazimia, huku hakuna hewa."

Hewa ipo, na oksijeni ndani yake ni asilimia 21 kama ilivyo Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano. Mtoto mwenye afya aliyeshuka basi juzi atahema sana na kuchoka mapema, lakini akipunguza mwendo anarudi sawa. Mpwa wangu alianza kama anayefukuzwa na nyuki; kona ya pili tulimkuta anatembea, mikono kiunoni, anawatazama wenzake kwa uchungu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia aanze taratibu.

Wa kuangaliwa kweli ni mtoto mwenye selimundu au tatizo la moyo. Baridi, upungufu wa maji mwilini na kujichosha kupita kiasi vinaweza kumwamshia mwenye selimundu maumivu makali, na mwinuko unaongeza mzigo. Huyo daktari wake aulizwe kabla ya safari. Mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kukimbia, mradi dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mtu mzima aliyepo pale. Ikiachwa nyumbani kabatini haina msaada.

Wapo pia wanaogeuza hoja: watoto wa huku eti wana mapafu ya kuzaliwa nayo, hawahitaji mazoezi. Kuishi juu kunasaidia mwili kuzoea, sawa. Lakini Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwa dakika 3:32.2, alikimbia mno kabla ya siku ile. Kama mwinuko peke yake ungetosha, Njombe nzima ingekuwa na akina Bayi.

"Akikimbia sana hatarefuka."

Urefu unatokana na wazazi, chakula na afya ya utotoni. Mifupa ya mtoto huimarika ikitumika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Na lile la msichana kuharibu kizazi kwa kukimbia, halina msingi wowote.

"Mlambishe glukosi apate nguvu."

Glukosi ni sukari. Kilomita 2 watoto wengi wanazimaliza ndani ya robo saa, na misuli tayari ina akiba ya kutosha kutoka kwenye pilau la jana. Tatizo letu siku hiyo ni shibe. Mtoto anakunywa chai na chapati mbili saa mbili kasoro, saa mbili anapanga mstari, halafu tunashangaa anashika ubavu. Uji wa ulezi, muda wa kama saa mbili kabla ya mbio kuanza, unatosha. Maji asikatazwe kwa kuogopa kichomi. Anywe kidogo kidogo, asimalize chupa nzima mstarini.

"Mvua itampa nimonia."

Nimonia inaletwa na vimelea. Ila mtoto aliyelowa, kisha akasimamishwa kwenye upepo akisubiri hotuba ya mgeni rasmi, anapoteza joto haraka. Taulo na sweta kavu viwe tayari, na hotuba iwe fupi (hili nimelisema kwenye vikao vitatu). Radi ikinguruma hakuna mjadala, wote ndani.

Kukiwa na baridi watu husahau jua. Miale yake inayounguza ngozi huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, hata kama mwili hausikii joto. Mtoto mwenye ualbino akimbie na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, asubuhi mapema.

"Raba mpya ndizo za mbio."

Hapa ndipo tunapoumiza watoto wengi. Raba zimenunuliwa Mwanjelwa tarehe 24, tena namba moja zaidi "akue nazo", na mbele zimejazwa karatasi. Mguu unacheza ndani, kisigino kinasuguliwa, na kufika nusu ya njia malengelenge yamejaa. Zile kuukuu zilizokwisha kuujua mguu ndizo za kuvaa, hata kama hazipendezi kwenye picha. Peku kwenye nyasi za uwanja hakuna ubaya kwa aliyezoea; kwenye changarawe, asubuhi baada ya usiku wa chupa za Krismasi, hapana.

Mwaka jana mtoto wa rafiki yetu alimaliza wa mwisho, soksi zimekuwa nyekundu kwa udongo, raba zake mpya amezikumbatia kifuani zisichafuke. Bibi yake alimpokea kwa kanga, akampangusa uso, akachungulia ndani ya kiatu kimoja.

"Haya, na karatasi zangu umezitupa wapi?"