Je, wajua kwa nini wakili wa kesi za biashara hukuuliza makaratasi kabla ya kisa chenyewe?

Mama muuza viazi wa Uyole akiingia ofisi ya wakili Mbeya mjini, huwa amekuja na kisa kirefu kifuani. Amepeleka mzigo kwa kampuni moja ya Dar es Salaam msimu mzima. Mwanzoni alilipwa vizuri, kisha malipo yakaanza kusuasua, na sasa simu zake hazipokelewi. Anataka kuanzia pale walipofahamiana. Wakili anampa shikamoo, anamsikiliza dakika chache, halafu anauliza: "Mama, makaratasi ya kupokelea mzigo unayo?" Mama anashangaa: "Mwanangu, mbona huko sijafika bado?" Wengi hutoka hapo wakinung'unika kwamba wakili hakuwasikiliza.

Amewasikiliza. Ila jaji hakuwepo Uyole gari lilipokuwa linapakiwa. Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai jambo alithibitishe mwenyewe, na kwenye madai jaji hupima maelezo ya upande upi yanaelekea zaidi kuwa ya kweli. Mdaiwa naye ana kisa chake, tena huenda akakisimulia vizuri kuliko mama. Kinachoweza kuwaamua ni karatasi iliyoandikwa siku ile ile, kabla ugomvi haujazaliwa.

Hebu tuitazame karatasi hiyo kwa macho ya wakili. Imeandikwa "viazi, gunia 120", ina tarehe, namba ya gari, saini moja ya harakaharaka na mhuri uliofifia. Aliyesaini ni nani, mtunza ghala wa kampuni au kuli aliyekuwa karibu? Mhuri ni wa kampuni inayodaiwa, au wa kampuni nyingine ya mwenye mali yule yule? Swali hili si la kuchezea. Tangu kesi ya Salomon iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1896, kampuni huhesabiwa kuwa mtu wake mwenyewe kisheria, tofauti na wenye hisa. Ukimshtaki mkurugenzi kwa deni la kampuni, unaweza kupoteza miaka bure.

Halafu kuna gunia lenyewe. Huku Nyanda za Juu Kusini nani asiyeijua lumbesa? Gunia linajazwa mpaka linaota kilemba, ilhali kisheria halipaswi kuzidi kilo 100. Wakili wa upande wa pili akisimama kwa maswali ya dodoso, yaani kumhoji mama ili kuupima ushahidi wake, hataanza na deni. Ataanza hivi:

"Shahidi, kila gunia lilikuwa na kilo ngapi?"

"Ilikuwa lumbesa."

"Uliyapima?"

"Hapana."

"Sasa kilo hizi ulizoandika kwenye ankara ulizitoa wapi?"

Maswali matatu tu, na deni la mamilioni linaanza kuyeyuka. Wakili makini huwa ameshamuuliza mama maswali hayo hayo ofisini miezi kadhaa kabla, na ameshaitafuta karatasi ya mizani. Kwenye Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1999, jambo hili liko wazi zaidi. Ushahidi mkuu wa shahidi huletwa kwa maandishi, kisha anapandishwa kizimbani kudodoswa. Kabla ya hapo pande zote hupitishwa kwenye usuluhishi, na huko nako mwenye faili lililonyooka ndiye anayesikilizwa.

Kujua hasara ipi idaiwe ni elimu nyingine. Kuna kesi ya mwaka 1854, Hadley dhidi ya Baxendale, ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mapema, nami naipenda kwa sababu ingeweza kutokea Ubaruku, wilayani Mbarali, kesho asubuhi. Shafti ya kinu cha kusaga nafaka kule Gloucester ilivunjika. Wenye kinu wakampa msafirishaji aipeleke Greenwich iwe kielelezo cha kutengenezea nyingine. Msafirishaji akachelewa siku kadhaa, kinu kikalala, faida ikapotea. Mahakama ilikataa kumbebesha msafirishaji faida hiyo, kwa kuwa hakuelezwa kwamba kinu hakina shafti ya akiba na kwamba kila siku ya kuchelewa ni hasara.

Sheria yetu ya Mikataba inashika kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mbarali akiagiza kipuri Dar es Salaam, amwambie msafirishaji, tena kwa maandishi: "Mashine yangu imesimama, sina kipuri kingine." Sentensi hiyo moja ndiyo wakili ataitafuta baadaye. Na hata akiipata, hasara mahsusi, yaani ile inayohesabika kwa fedha, lazima itajwe kwenye hati ya madai kwa tarakimu na ithibitishwe. "Nilipoteza hela nyingi" haimsaidii jaji.

Zipo karatasi nzuri ambazo hukwama mlangoni. Mkataba unaopaswa kulipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa kielelezo mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake. Meseji za WhatsApp zinapokelewa, kwa mujibu wa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini mahakama itataka kujua zilitunzwaje na nani hasa aliziandika. Usifute mazungumzo, wala usiuze simu yenye kesi ndani yake.

Kijana wa Iringa anayeitamani kazi hii anaweza kusoma shahada ya sheria hapo hapo nyumbani, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU) au Chuo Kikuu cha Iringa. Baadaye lazima apite Law School of Tanzania, Dar es Salaam, kwa mafunzo ya vitendo ndipo aombe kusajiliwa kuwa wakili. Kuzungumza vizuri kutamsaidia, lakini ningemshauri kwanza ajifunze kusoma vitabu vya hesabu, taarifa za benki na karatasi za mizani, na azoee kwenda ghalani kuona gunia linavyoshonwa.

Na mama wa Uyole? Shauri la mkataba lina muda wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, kwa hiyo wakili ataitafuta kwanza tarehe ambayo malipo yalipaswa kufanyika. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini kabla muda haujaisha, miaka hiyo huhesabiwa upya kuanzia siku ya kukiri. Ile barua ya "tuvumilie, tutakulipa baada ya mavuno", ambayo mama alikaribia kuwashia moto jikoni, ndiyo atakayoombwa kesho aje nayo.