Domo la bata liondoke: Tom Dowd na At Fillmore East

Kila nikienda ukumbini kurekodi bendi, hakosi mtu wa kunijia dakika kumi kabla ya onyesho: "Fundi, leo tuna wageni wawili wa domo la bata, yaani saksafoni, watafutie maiki." Naitikia, natafuta maiki, na moyoni namkumbuka Tom Dowd, prodyuza aliyerekodi At Fillmore East, albamu ya jukwaani ya Allman Brothers Band.

Machi 1971 Dowd alikuwa ndiyo kwanza anatoka Ghana, alikokwenda kwa kazi ya filamu ya Soul to Soul, lile tamasha la Accra la tarehe 6. Kufika New York akapiga simu Atlantic, kampuni ya santuri aliyoifanyia kazi, kuwajulisha kwamba amerudi. Jerry Wexler, mmoja wa wakubwa wa Atlantic, hakumwacha apumzike: gari la kurekodia limeshakodiwa, Allman Brothers Band wanapiga ukumbi wa Fillmore East, panda garini.

Bendi ilikuwa na makao Macon, Georgia, na albamu zake mbili za studio, ya 1969 na ya 1970, hazikuwa zimeuza. Anayezisikiliza leo ataelewa kwa nini: nyimbo nzuri, lakini zimebanwa. Hawa walikuwa watu wa kuanza wimbo saa nne na kuumaliza mkiwa mmeshasahau ulianzaje. Dawa yao ilikuwa jukwaa, na jukwaa walilolipenda ni hilo la Fillmore East, la mwandaaji wa maonyesho Bill Graham pale Manhattan, ukumbi wa watu 2,600 na ushee. Ndiyo maana albamu inayotajwa kila mara roki ya Kusini mwa Marekani inapozungumzwa ilirekodiwa kaskazini. (Gregg Allman, mwimbaji wa bendi, hakulipenda jina hilo la "roki ya Kusini", kwake, roki yote ilizaliwa Kusini.)

Garini kulikuwa na mashine ya njia 16, kila njia ikirekodi sauti yake peke yake. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzigawa: wapiga dramu wawili, Butch Trucks na Jaimoe, besi ya Berry Oakley, kinanda cha Hammond na sauti ya Gregg, gitaa la Duane Allman, gitaa la Dickey Betts. Onyesho la kwanza likaanza vizuri. Mara Dowd anaambiwa wapuliza saksafoni wanapanda. Alidhani anataniwa.

Walipanda kweli, na hawakuwa wameoanisha sauti na bendi. Sasa hapa asiyefanya kazi hii hujiuliza: si angezizima tu njia za saksafoni baadaye? Hazizimiki. Jukwaani kila maiki inasikia kila kitu. Saksafoni inaingia kwenye maiki ya mwimbaji, inaingia kwenye maiki za dramu, na ukishazima njia yake bado ipo, mbali kidogo, kama jirani anayegombana nyuma ya ukuta. Ikiwa imepishana na gitaa kwa robo ya sauti, basi umeharibu njia zote 16. Mimi niliwahi kurekodi usiku mzima wa dansi hivyo hivyo, nikijipa moyo kwamba nitasafisha nikifika nyumbani. Sikusafisha kitu.

Dowd hakungoja kufika nyumbani. Mapumziko yalipofika alitoka garini mbio, akamfuata Duane: hawa waondoke. Duane alibisha, kisha akakubali. Kwangu mimi, albamu iliokolewa pale.

Jambo la pili ni la baada ya onyesho. Usiku ule ule bendi ilichukua bia na mikate yake ikaenda studio za Atlantic kusikiliza mikanda. Wimbo uliokaa sawa unawekwa kando. Usiokaa unarudiwa kesho. Kwa hiyo walipopanda tena jukwaani walijua wanachokitafuta. Bendi nyingi ninazozirekodi huomba mkanda baada ya wiki mbili, wakati ukumbi umeshakodishwa kwa harusi.

Dowd alikata pia. Kwenye "Stormy Monday" kulikuwa na kipande cha kinanda cha mdomo cha Thom Doucette. Kimetolewa, na usipoambiwa hutajua.

Ukitaka kusikia faida ya usafi ule, weka "Whipping Post", dakika 23. Mwanzoni anasikika mtu katika watazamaji akiutaja wimbo kwa kelele, na Duane anamjibu kwamba amepatia. Oakley anaanza peke yake na besi. Hesabu naye kwa vidole: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Kumi na moja. Ile mbili ya mwisho ndiyo inayokusukuma, unahisi umekanyaga ngazi isiyokuwepo. Gitaa zinaingia, kisha dramu mbili, na bado kila mmoja unamsikia alipo.

Santuri mbili zilitoka Julai 1971 kwa bei iliyopunguzwa. Oktoba zikapata hadhi ya dhahabu, na siku chache baadaye, tarehe 29, Duane akafa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon. Alikuwa na miaka 24.

Usiitoe sindano "Whipping Post" inapoisha. Chini ya makofi ngoma zinaanza kunguruma upya, halafu sauti inafifia. Ni mwanzo wa "Mountain Jam", uliopigwa usiku ule ule bila kupumzika. Santuri haikuwa na nafasi tena. Iliyobaki, zaidi ya nusu saa, ilitoka 1972 kwenye Eat a Peach.